Fidel Pagés, tabibu wa sindano ya mgongoni

Ami yangu alipopasuliwa kifua mwaka jana, nilidhani nitamkuta akigugumia kwa maumivu. Nikamkuta ameketi kitandani, akikohoa kwa nguvu kama alivyoamrishwa na wauguzi, na mpira mwembamba umebandikwa mgongoni. Dawa ilipita humo polepole, ikiitia ganzi mishipa ya fahamu inayokwenda kifuani. Aliyepasuliwa kifua akiogopa kukohoa, makohozi hulala mapafuni na nimonia humwingia. Nikataka kujua ni nani aliyeianzisha njia hii.

Ni Fidel Pagés, Mhispania aliyezaliwa Huesca mwaka 1886, tabibu wa jeshi. Hapo, wallahi, nilisita. Jeshi hilo ndilo lililokuwa likipigana na ndugu zetu Waislamu wa Rif, kaskazini mwa Moroko. Pagés alitumwa Melilla kutibu majeruhi wake mwaka 1909, na tena 1921 baada ya Abdelkrim kulishinda vibaya huko Annual. Lakini mtu apewe haki yake, hata akiwa wa upande wa pili.

Novemba 1920 alikuwa akimdunga mgonjwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, likamjia wazo la kuisimamisha ncha kabla haijatoboa utando unaohifadhi uti na maji yake. Dawa ikimwagwa hapo nje, hushika mishipa ya sehemu ile, na mgonjwa hubaki macho. Mwaka 1921 akachapisha makala kuhusu wagonjwa 43 aliowapasua hivyo.

Aliandika Kihispania, na wakubwa wa tiba wa Ulaya hawakumsoma. Tarehe 21 Septemba 1923, akirudi kutoka mapumzikoni, gari lilipata ajali karibu na Burgos. Akafa akiwa na miaka 37. Mwaka 1931 Achille Dogliotti wa Turin akaieleza njia hiyo kama mpya, sifa zote zikamwendea yeye. Ni Alberto Gutiérrez, daktari wa Argentina, aliyesema wazi kwamba Pagés alitangulia, na Dogliotti mwenyewe akakubali.

Mpira wa kuachwa mgongoni ulikuja 1947, kwa mkono wa Manuel Martínez Curbelo wa Cuba. Kabla yake sindano ikitolewa, ganzi huisha na maumivu hurudi.

Siku ya pili nilimsimulia ami yote haya, hata ya Melilla. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimsogezee mto akohoe tena.