Mendeleev, aliyeziachia nafasi elementi ambazo hazijaonekana

Klorini ya kutibu maji, madini joto yanayotiwa kwenye chumvi na floridi inayoyapa meno rangi ya kahawia ni za ukoo mmoja. Mwanafunzi wa sekondari pale Nkoma huuona ukoo huo kwenye jedwali la elementi, katika safu moja ya kushuka chini. Aliyelipanga ni Mrusi, Dmitri Mendeleev.

Alizaliwa mwaka 1834 huko Tobolsk, Siberia, akiwa kitindamimba wa familia kubwa. Baba yake, mwalimu, alipofuka, na mama yake Maria akafufua kiwanda cha vioo ili nyumba ipate kula. Mwaka 1847 baba alifariki. Mwaka uliofuata kiwanda kikaungua. Mama akamchukua kijana wake, wakasafiri zaidi ya kilomita 2,000 hadi Moscow, ambako chuo kikuu kilimkataa. Wakasonga mbele hadi St Petersburg, na mwaka 1850 akapokelewa katika chuo cha ualimu alichosoma baba yake. Mama akafa mwaka huohuo. Kwetu sisi, jina la mama huyu lilistahili kutajwa darasani pamoja na la mwanawe.

Mwaka 1869 Mendeleev, sasa profesa, alikuwa akiandika kitabu cha kemia na hakujua azipange vipi elementi 63 zilizojulikana wakati huo. Alizifuatanisha kwa uzito wa atomu, nyepesi kwanza. Akaona tabia zinajirudia, kama masika yanavyorudi baada ya kiangazi. Kila tabia iliporudi, alianza mstari mpya, zinazofanana zikakaa pamoja. Ndiyo maana sodiamu, iliyomo kwenye magadi, imekaa juu ya potasiamu, iliyomo kwenye majivu na mbolea. Zikiwa safi, zote mbili ni metali laini zinazolipuka zikiguswa na maji.

Palipokosekana elementi ya kufaa, hakulazimisha. Aliacha nafasi wazi, na mwaka 1871 akaeleza tabia za elementi tatu ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ya kwanza, galiamu, ilipatikana Ufaransa mwaka 1875. Mgunduzi wake alipima akapata gramu 4.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Mendeleev, ambaye hakuwa ameishika hata chembe yake, alimwandikia kwamba inapaswa kuwa karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha sampuli, akapima upya, akapata 5.9! Skandiamu ikafuata mwaka 1879, na jemaniamu mwaka 1886.

Lakini uzito haukutosha kwa kila kitu, na mfano wake tunao mkoani kwetu. Ardhi ya Dutwa, Bariadi, ina nikeli iliyochanganyika na kobalti. Mwaka 1869 Mendeleev aliziandikia zote mbili uzito wa 59. Vipimo vya baadaye vilionyesha kobalti ni nzito kidogo, hivyo ingefuata nyuma ya nikeli, ingawa tabia yake inaitaka itangulie.

Mendeleev alifariki mwaka 1907 bila kupata jibu. Lilitolewa mwaka 1913 na kijana Mwingereza, Henry Moseley: kinachopanga elementi ni idadi ya chaji chanya katikati ya atomu. Kobalti ina 27, nikeli 28. Jedwali sasa lina elementi 118, na ile ya 101 inaitwa mendeleviamu.