Francesca Bertini: Nani hasa aliongoza Assunta Spina?

Wadau, kabla Hollywood haijateka dunia, Italia ilikuwa na mastaa wake, na huyu bibie alikuwa juu kabisa. Filamu yake kubwa ni Assunta Spina ya mwaka 1915. Ni sinema bubu, sauti hakuna, lakini ukianza kuiangalia hubanduki. Anacheza mwanamke wa kazi ya udobi, mjini Naples, anayechanwa uso na mchumba mwenye wivu, halafu mahakamani anamtetea huyohuyo! Walipiga picha mitaani Naples kwenyewe, juani, sio studio tupu.

Sasa, aliyeandikwa mwongozaji ni Gustavo Serena, ambaye pia ndiye aliyecheza mchumba. Bertini uzeeni alisema wazi kwamba filamu ile aliiongoza yeye. Bibi anajikweza? Hapana bwana, kwani Serena mwenyewe alishakubali kwamba dada huyo ndiye aliyekuwa akipanga watu, akiamrisha, hadi kuamua kamera ikae wapi.

Mwaka 1921 aliolewa na tajiri wa benki, Mswisi, sinema zikapungua. Mwaka 1976 akarudi kama mtawa kwenye Novecento ya Bertolucci. Alifariki Roma 1985. Siku hizi wengi wanaandika majina yote mawili, Serena na Bertini.