Maurice Richard: Gwiji wa magongo aliyebeba heshima ya jamii yake

Mei 31, 2000, jiji la Montreal nchini Kanada lilimzika mtu ambaye hakuwahi kuwa waziri, jenerali wala kiongozi wa dini. Maurice Richard alikuwa mchezaji wa magongo ya barafuni aliyestaafu miaka 40 awali. Hata hivyo, serikali ya mkoa wa Quebec ilimwandalia mazishi ya kiserikali, heshima ambayo hakuna mwanamichezo mkoani humo aliyewahi kuipata. Siku iliyotangulia, watu zaidi ya 115,000 walipiga foleni ili wapite mbele ya jeneza lake.

Umati huo haukuvutiwa na mabao pekee. Ulikwenda kumuaga mtu aliyeaminika kusimamia hadhi ya wazungumzaji wa Kifaransa enzi ambapo wao, licha ya kuwa wengi Quebec, walitawaliwa kiuchumi na wachache waliozungumza Kiingereza. Mzigo huo Richard hakuuomba, na hadi kufa kwake alishikilia kwamba yeye alikuwa mchezaji tu.

Alizaliwa Agosti 4, 1921 jijini humo, kifungua mimba katika familia ya watoto 8. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Maurice alijifunza mchezo huo utotoni, nyakati za baridi kali ambapo mito hugeuka barafu. Katika mchezo huo, wachezaji 6 wa kila upande huteleza kwa viatu vyenye vyembe vya chuma, wakipiga kwa magongo kisahani kigumu cha raba ili kukiingiza langoni.

Alisomea ufundi wa mitambo, na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka alijaribu kujiunga na jeshi lakini akakataliwa kutokana na mifupa yake iliyokuwa imevunjika uwanjani. Alipoingia katika kikosi cha Montreal Canadiens mwaka wa 1942, alivunjika tena baada ya mechi 16 tu. Wengi walimwona kuwa mwepesi mno wa kuumia asiweze kudumu katika ligi hiyo.

Wasemao walisema, naye akajibu kwa gongo. Machi 23, 1944, katika mechi ya mchujo dhidi ya Toronto, alifunga mabao yote 5 ya timu yake. Msimu uliofuata alifunga mabao 50 katika mechi 50, jambo lisilowahi kutokea na ambalo halikurudiwa hadi 1981. Waliodai kwamba alinufaika kwa sababu wachezaji hodari walikuwa vitani walinyamaza alipofunga mabao 45 msimu wa 1946-47, vita vikiwa vimekwisha, na kutuzwa mchezaji bora wa ligi.

Alicheza winga ya kulia ilhali alipiga kwa kushoto, na kasi yake ilimpa lakabu ya Roketi. Lakini hasira zake pia zilikuwa za haraka. Wapinzani walimchokoza kwa matusi na kumshika jezi, naye hakuwa mtu wa kugeuza shavu la pili. Katika safu ya gazeti iliyobeba jina lake, aliwahi kumshutumu rais wa ligi, Clarence Campbell, kuwa dikteta. Alilazimika kuomba radhi na kuiacha safu hiyo.

Uhasama huo ulifika kilele Machi 13, 1955 mjini Boston. Richard alipasuliwa kichwani na gongo la Hal Laycoe, akalipiza kwa gongo lake, kisha akampiga ngumi msaidizi wa refa aliyejaribu kumzuia. Kosa lilikuwa zito, tena hakuwa anamgusa mwamuzi kwa mara ya kwanza msimu huo. Campbell alimfungia mechi zote zilizosalia pamoja na za mchujo. Machoni pa mashabiki wake, hata hivyo, hukumu hiyo ilikuwa ya bwana Mwingereza dhidi ya mnyonge Mfaransa.

Siku nne baadaye, Campbell alikwenda uwanjani Montreal kutazama mechi dhidi ya Detroit licha ya kuonywa asifike. Alirushiwa mayai na nyanya, kisha bomu la gesi ya kutoa machozi likalipuka. Mechi ilivunjwa na ushindi ukapewa Detroit. Umati ulimiminika katika barabara ya Sainte-Catherine, ukavunja madirisha ya maduka na kupora mali. Makumi ya watu walikamatwa. Kesho yake Richard alizungumza redioni, akaikubali adhabu na kuwasihi watu watulie. Wakamtii.

Adhabu hiyo ilimgharimu taji la mfungaji mwenye alama nyingi zaidi, ambalo hakulitwaa maishani. Lilimponyoka kwa alama 1 tu, likamwendea mwenzake Bernard Geoffrion, ambaye alizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe. Detroit ilishinda kombe. Kuanzia 1956 hadi 1960, Canadiens walilitwaa mara 5 mfululizo, Richard akiwa nahodha kuanzia msimu wa 1956-57. Alistaafu akiwa na makombe 8 na mabao 544, na ndiye wa kwanza kufikisha mabao 500 katika ligi hiyo.

Mwaka huo aliostaafu, 1960, Quebec ilianza mageuzi makubwa ya kisiasa na kijamii, na mwaka wa 1977 sheria iliimarisha Kifaransa kazini, shuleni na serikalini. Baadhi ya wanahistoria huona ghasia za 1955 kuwa dalili ya mapema ya mwamko huo. Wengine huonya kwamba mechi moja haiwezi kubeba historia ya taifa. Lisilopingika ni kwamba usiku ule hasira iliyofichwa majumbani ilitoka barabarani.

Mwandishi Roch Carrier, katika hadithi yake ya mwaka wa 1979 kuhusu jezi, alisimulia jinsi watoto wote wa kijiji walivyovaa nambari 9 ya Richard. Maneno kutoka hadithi hiyo yaliwahi kuchapishwa kwenye noti ya dola 5 ya Kanada. Tangu 1999, mfungaji bora wa ligi hupewa tuzo yenye jina lake.

Richard alifariki Mei 27, 2000 kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 78. Rekodi zake nyingi zimevunjwa. Gordie Howe alipita idadi yake ya mabao tangu 1963. Lakini mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeonyesha kwamba mtu wa lugha yake angeweza kuwa bora kuliko wote hajasahaulika Quebec.