Beatrice Shilling: Mhandisi aliyetibu injini za vita kwa kijishaba chenye tundu

MNAMO mwaka wa 1940, marubani wa Uingereza waliopambana na ndege za Ujerumani walikuwa na adui wa pili ndani ya injini zao wenyewe. Rubani wa Spitfire au Hurricane alipoinamisha pua ya ndege ghafla ili kumwandama adui aliyekimbilia chini, injini ilikohoa, ikafuka moshi mweusi, na wakati mwingine ikazima kabisa. Mjerumani alitoroka, au akageuka na kuwa mwindaji.

Dawa ya maradhi hayo ilipatikana kwa mhandisi wa kike mwenye umri wa miaka 31, binti wa mwuza nyama, ambaye vidole vyake vilizoea grisi tangu utotoni.

Beatrice Shilling alizaliwa Machi 8, 1909, mjini Waterlooville, kusini mwa Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 14 alijinunulia pikipiki, akawa anaifungua na kuifunga mwenyewe. Margaret Partridge, mhandisi aliyekuwa na kampuni ya umeme huko Devon, alimchukua kuwa mwanagenzi wake na kumhimiza aende chuo kikuu. Alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme huko Manchester mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata akapata uzamili katika uhandisi wa mitambo. Mnamo 1936 aliajiriwa katika kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, Farnborough.

Wakati huo alikuwa tayari na sifa nyingine. Mwaka wa 1934, akiendesha pikipiki ya Norton aliyoiboresha mwenyewe, aliuzunguka uwanja wa mashindano wa Brooklands kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, na kutunukiwa Nyota ya Dhahabu. Ni wanawake watatu tu waliowahi kuipata nishani hiyo kwa pikipiki. Husimuliwa, na huenda chumvi imetiwa, kwamba alikataa kuolewa na mhandisi mwenzake, George Naylor, hadi naye aipate. Walifunga ndoa mwaka wa 1938.

Ili kuelewa alichokifanya vitani, ni lazima kwanza kuijua kabureta, kifaa ambacho magari mengi ya siku hizi hayana tena. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Kando yake mna chemba ndogo ya mafuta yenye boya. Chemba ikijaa, boya hupanda na kufunga tundu la kuingizia mafuta. Mafuta yakipungua, hushuka na tundu likafunguka. Mpango huo wote hutegemea mafuta kutulia chini. Ndege ikiinamishwa ghafla, petroli hurushwa juu ya chemba. Kwanza jeti hukosa mafuta na injini hukohoa. Kisha boya hupotoka, tundu hubaki wazi, na pampu huendelea kusukuma petroli hadi injini inafurika. Pigo hili la pili ndilo lililoua injini.

Wajerumani hawakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa injini za Messerschmitt zao zilirushiwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Waingereza walilazimika kuibingirisha ndege kwanza ndipo wapige mbizi, na kwa muda huo mfupi windo lilikuwa limeshapotea.

Kuunda kabureta mpya kungehitaji muda ambao marubani hawakuwa nao. Shilling alipiga hesabu ya kiasi cha juu kabisa cha mafuta ambacho injini ya Merlin, yenye lita 27, ingeweza kutumia ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Kisha akatengeneza kijishaba mfano wa kastabani ya fundi cherehani, chenye tundu la kupitisha kiasi hicho tu. Baadaye kilirahisishwa kikawa kisahani bapa. Kiliwekwa kwenye njia ya mafuta bila kuiondoa ndege kazini, na kufikia Machi 1941, yeye na kikosi chake kidogo walikuwa wamezuru vituo vya ndege za kivita wakivifunga. Marubani walikipa jina la utani lisilofaa kuandikwa hapa, lakini walikishukuru.

Haikuwa tiba kamili. Injini bado haikustahimili ndege iliyopinduliwa kwa muda mrefu, na kabureta za shinikizo zilizoondoa tatizo zilianza kutumiwa mwaka wa 1943. Katika miaka hiyo miwili ya hatari, kijishaba ndicho kilichotegemewa.

Baada ya vita, Shilling na mumewe waligeukia magari. Walianza na Lagonda Rapier, gari la miaka ya 1930, wakalipunguza uzito na kulibadilisha katika karakana ya nyumbani kwao. Kuanzia mwaka wa 1959 walishindana Goodwood kwa Austin-Healey Sebring Sprite. Sprite ya kawaida ilitoka kiwandani na kabureta mbili za SU, kampuni ile ile iliyotengeneza kabureta za Merlin.

Kuzitunza kabureta hizo nyumbani kwataka subira kuliko mashine. Fundi hufungua kifuniko, hupangusa pistoni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kuhakikisha kwamba ikiinuliwa na kuachiliwa huanguka bila kukwama. Hutazama pia kama sindano imepinda. Kazi ngumu ni kuzilinganisha zote mbili: huweka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, akirekebisha hadi mvumo wa hewa ufanane. Boya nalo halisahauliki, maana kilango chake kikichakaa, gari hufurika barabarani kama ndege zilivyofurika angani.

Mnamo 1967 Shilling aliitwa kusaidia kutibu joto kali lililoisumbua Eagle, gari la Formula One la Mmarekani Dan Gurney. Farnborough nako alichunguza mambo mengi, yakiwemo breki za ndege kwenye njia zilizolowa maji. Hata hivyo, vyeo vya juu kabisa viliendelea kwenda kwa wanaume. Alistaafu mwaka wa 1969, na akafariki Novemba 18, 1990, akiwa na umri wa miaka 81.