Seyyid Barghash na Kimbunga cha Mwaka 1872

Seyyid Barghash bin Said alikuwa mtoto wa Seyyid Said, Sultani aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akashika ufalme. Pwani aliyoitawala ilifika hata huku kwetu Ruvuma.

Utajiri wa Unguja ulikuwa karafuu. Tarehe 15 Aprili, 1872, kabla hajatimiza miaka miwili kitini, kimbunga kikali kilikipiga kisiwa. Mikarafuu mingi mno iling'oka na kuvunjika, na merikebu zake zikaangamia bandarini. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu hukaa miaka kadha kabla ya kuzaa. Kwa hiyo upepo wa siku moja uliondoa mapato ya miaka mingi.

Mwaka 1873 Waingereza walimtaka akomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash alijitetea kwa hasara ya kimbunga, lakini alipotishiwa kuzingirwa na manowari, alitia sahihi mwezi wa Juni. Soko la watumwa la mjini likafungwa.

Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na watu wakapanda miche kwa wingi, hasa Pemba, hata kisiwa hicho kikaipita Unguja kwa mavuno. Tukiusifu ustawi huo, tusisahau mikono iliyoufanya. Ilikuwa ya watumwa, na wengi wao walitolewa nchi za kusini, kuelekea Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa.

Barghash aliwaletea watu wa mjini maji ya mfereji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Lakini wakubwa wa Ulaya waliigawana nchi yake. Mwaka 1887 Wareno waliitwaa Tungi, kusini ya mlango wa Ruvuma. Alifariki Machi 1888.

Maisha yake yanatuhusu sisi wa Kitaya. Kimbunga ni mgeni wa nadra pwani hii, lakini hurudi: Aprili 1952 kilipiga Lindi, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliangukia Msumbiji, ng'ambo ya mto wetu. Unguja ilitegemea mkarafuu. Mtwara tunategemea mkorosho. Basi tupande korosho, lakini tupande na miti mingine, na mikoko ya mlango wa Ruvuma tuiache isimame. Anayetegemea mti wa namna moja, upepo mmoja humfilisi.