Ernest Jones, mguu mmoja na kisu kwenye kitambaa

Mwaka wa 1916, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, Mwingereza Ernest Jones alilipukiwa na guruneti karibu na Loos, kaskazini mwa Ufaransa. Akakatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa gofu, katika klabu ya Chislehurst karibu na London. Msomaji aliyeishi Nakivale amewaona watu walioacha kiungo vitani, na anajua uzito wa habari hiyo.

Jones alizaliwa mwaka wa 1887. Miezi michache tu baada ya kujeruhiwa alirudi uwanjani kwa mguu mmoja na kumaliza mashimo 18 kwa mapigo 83. Baadaye akashuka hadi 72, idadi ambayo wengi wenye miguu miwili hufa bila kuifikia.

Hapo akaanza kujiuliza. Walimu walihimiza mguu ukae hivi, kiuno kigeuke vile. Yeye mguu hakuwa nao, na mpira ulikwenda. Akakata shauri kwamba la kuangaliwa ni mikono na kichwa cha fimbo. Mwili utafuata wenyewe.

Ili kuwaonyesha wanafunzi, alifunga kisu kidogo cha kukunja kwenye pembe ya kitambaa cha mfukoni, akakibembeza nyuma na mbele. Kitambaa kikibaki kimenyooka, mwendo ni sawa. Kosa huzaliwa kule juu, pale fimbo inapogeuka kushuka. Mwenye pupa huvuta mikono kabla kisu hakijamaliza kupanda. Kitambaa hulegea, kisu hupoteza njia. Fimbo nayo huharibika vivyo hivyo, ila kwa kuwa ni ngumu haionyeshi. Mpira ndio hutoboa siri, unapoingia kichakani.

Zoezi hili halidai ada ya klabu. Pale Kabazana kitambaa na kufuli dogo vinatosha, mradi watoto wakae mbali. Bembeza polepole, hesabu moja kikipanda, mbili kikishuka, na hiyo mbili usiiharakishe. Hata kwa aliyekwisha kufunga mzigo wa kurudi nyumbani, kufuli haliongezi uzito. Anayepeleka biashara Mbarara atakuta huko uwanja wa gofu. Akipata fimbo, aishike pamoja na kitambaa, kama alivyofanya Jones, atazame kama vinashuka kwa wakati mmoja.

Miaka ya 1920 Jones alihamia Marekani. Alifundisha Long Island, kisha ndani ya jengo jijini New York, pasipo nyasi wala upepo; wenye haraka ya kuona mpira ukiruka sijui walivumiliaje. Mwanafunzi wake Virginia Van Wie alitwaa ubingwa wa Marekani wa wanawake wa ridhaa mara tatu mfululizo, 1932, 1933 na 1934. Jones alifariki mwaka wa 1965.