Thomas Heazle Parke

Thomas Heazle Parke (27 Novemba 1857 – Agosti 1893) alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la Uingereza kutoka Eire. Anajulikana hasa kama daktari wa msafara wa Henry Morton Stanley wa kumwokoa Emin Pasha (1887–1889). Msafara huo ulivuka Afrika kutoka mdomo wa mto Kongo hadi Bagamoyo, katika Tanzania ya leo. Kwa sababu hiyo Parke huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kutoka Eire kuvuka bara la Afrika.

Maisha ya awali

Parke alizaliwa Kilmore, katika wilaya ya Roscommon, na kukulia katika mji jirani wa Carrick-on-Shannon. Wakati huo Eire yote ilikuwa chini ya Uingereza. Alisomea upasuaji mjini Dublin na kuhitimu mwaka 1878. Kwanza alifanya kazi katika zahanati ya Ballybay, halafu katika mji wa Bath huko Uingereza.

Kazi ya jeshi

Mwaka 1881 alijiunga na jeshi kama daktari mpasuaji. Mwaka uliofuata alipelekwa Misri, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na wafuasi wa Urabi Pasha. Mwaka 1883 kipindupindu kiliingia Misri, na Parke akawahudumia wagonjwa katika kambi ya Helwan karibu na Kairo.

Mnamo 1884–1885 alikuwa katika jeshi lililopanda mto Nile ili kumwokoa Jenerali Gordon, aliyezingirwa Khartoum na majeshi ya Mahdi. Jeshi hilo lilichelewa; Khartoum ilitekwa na Gordon akauawa kabla halijafika. Baada ya hapo Parke alibaki Misri, katika mji wa Aleksandria.

Msafara wa Emin Pasha

Baada ya Khartoum kuanguka, Emin Pasha alibaki ametengwa kusini mwa Sudan. Alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta, naye pia alikuwa daktari, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Stanley alipewa kazi ya kumfikia, na mwanzoni mwa 1887 Parke alikubaliwa kuwa daktari wa msafara.

Mwezi Februari 1887 msafara uliondoka Zanzibar kwa meli ya Madura, ukizunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa Kongo. Ndani ya meli walikuwemo wapagazi wa Zanzibar wapatao 620, askari wa Kisudani na Wasomali wachache, pamoja na Tippu Tip na watu wake. Wakiwa baharini Parke aliwachanja Wazanzibari dhidi ya ndui. Chanjo hiyo, iliyotokana na ugonjwa wa ng'ombe unaofanana na ndui, ilikuwa imejulikana Ulaya tangu kazi ya Edward Jenner mwaka 1796.

Faida yake ilionekana baadaye msituni. Ndui ilipozuka katika msafara, iliua watu wengi miongoni mwa Wamanyema na wapagazi wa Kimadi, ambao hawakuwa wamechanjwa. Wazanzibari waliochanjwa katika meli hawakuguswa sana. Hata hivyo chanjo haikuwakinga na njaa, vidonda, kuhara damu na mishale, na wengi wao hawakuona tena kwao.

Tarehe 13 Agosti 1887, huko Avisibba kando ya mto Aruwimi, luteni William Stairs alipigwa mshale wa sumu kifuani. Parke alilinyonya jeraha kwa mdomo wake ili kuitoa sumu. Stairs alipona, ingawa kipande cha mshale kilibaki mwilini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutolewa. Wapagazi kadhaa waliopigwa mishale ya aina hiyo walikufa kwa pepopunda. Stairs huyo ndiye aliyeongoza baadaye msafara wa Katanga, ambamo mfalme Msiri aliuawa mwezi Desemba 1891.

Mwishoni mwa 1887 Parke aliachwa Ipoto, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu, ili kuwatunza wagonjwa. Waliteseka kwa njaa huko, hata wakauza nguo zao ili wapate chakula. Mwanzoni mwa 1888 walihamia Fort Bodo katika msitu wa Ituri. Hapo Stanley mwenyewe aliugua tumbo vibaya, na Parke akamtibu mpaka akapona.

Katika safari hiyo Parke alimnunua mwanamke kijana wa jamii ya mbilikimo kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, akimlipia kwa chakula. Mwanamke huyo alimtumikia kwa zaidi ya mwaka na kumuuguza alipopatwa na malaria. Waliachana msafara ulipotoka msituni, kwa kuwa hakuweza kulizoea jua la nchi ya wazi. Jina lake halikuhifadhiwa. Kutoka kwa mbilikimo Parke alijifunza pia juu ya mimea iliyotumiwa kutengenezea sumu ya mishale.

Msafara ulifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, pamoja na Emin Pasha. Usiku huohuo Emin alianguka kutoka ghorofani wakati wa karamu na kuumia vibaya kichwani. Parke alibaki Bagamoyo kumtibu mpaka yeye mwenyewe aliposhikwa na homa.

Miaka ya mwisho na kumbukumbu

Aliporudi, Parke alipewa heshima na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Eire pamoja na medali za dhahabu. Mwaka 1891 alitoa kitabu juu ya safari yake, na mwaka 1893 kingine juu ya kutunza afya katika Afrika. Alifariki ghafla huko Ardrishaig, Uskoti, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Eire na kuzikwa Drumsna, karibu na alikozaliwa.

Sanamu yake ya shaba, iliyotengenezwa na Percy Wood, imesimama mjini Dublin mbele ya makumbusho ya historia ya viumbe. Kwenye msingi wake kuna mchoro unaomwonyesha akinyonya sumu katika jeraha la Stairs. Kazi yake ndani ya meli ya Madura haikuchorwa, ingawa ndiyo iliyookoa watu wengi zaidi. Ndui yenyewe ilitangazwa kuwa imekomeshwa duniani mwaka 1980, nayo ilishindwa kwa njia hiyohiyo ya chanjo.